Barua ya Wazi kwa Wenye Madaftari ya Majina

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA), na wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa yenu niseme mbele ya umma jambo ambalo aghlabu husemwa kwa minong'ono katika vibaraza vya maduka, nalo ni kadhia ya majina ya biashara na majina ya vikoa vya intaneti, ambayo kila mwaka unaopita inazidi kuwatia hasara watu wasio na wakili, wasio na lugha ya sheria, na wasiojua waende kwa nani wanapodhulumiwa. Mimi ni karani wa hesabu mstaafu, mkazi wa Tanga, na amali niliyobaki nayo katika uzee ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Ngamiani na vitongoji vyake kujaza fomu, kutunza vitabu vya mapato na matumizi, na kuandika barua za madai. Kwa hiyo mengi ya ninayoyaeleza hapa yamepita juu ya meza yangu, na yaliyotokea nchi za mbali nimeyachukua katika hukumu zilizotolewa hadharani.

Alinijia mama mmoja atengenezaye sabuni za mwani na mafuta ya nazi, ambaye kwa kuchunga heshima yake sitamtaja, naye alikuwa na cheti chake cha jina la biashara ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na risiti za malipo ya simu alizochapishiwa steshenari, zote zikionyesha kwamba alimlipa kijana mmoja, fundi wa tovuti, amfungulie tovuti na anwani za barua pepe kwa jina lile lile lililomo katika cheti. Kijana alifanya kazi yake, na sabuni zikapata wateja wa hoteli za Arusha na wa Dubai, ambao wote walimjua mama yule kwa anwani ile moja tu. Ulipofika wakati wa kulipia kikoa kwa mwaka mwingine, taarifa ya kuhuisha haikumfikia mwenye biashara. Ilikwenda katika barua pepe ya fundi, kwa sababu katika daftari la kikoa jina la mmiliki lilikuwa la fundi, simu ilikuwa ya fundi, na nywila ilikuwa kichwani mwa fundi. Walikwisha kukosana kwa mambo mengine. Kijana akamtajia bei ya kumwachia jina lake mwenyewe, bei inayoshinda faida yake ya miezi mingi, na alipokosa kulipa, ukurasa wake ukazimwa, na barua za wateja zikawa zinarudi kwa waliozituma.

Mama huyu ana cheti halali cha Serikali, na yule kijana ana kikoa alichokisajili kwa njia iliyo wazi kwa kila mtu; kila mmoja akikaguliwa kwa daftari lake haonekani kuwa na taksiri, na dhuluma yote imekaa katikati ya madaftari mawili, mahali ambapo hakuna afisa aliyepewa wadhifa wa kupaangalia. Hilo ndilo nililolishikia kalamu.

Wafanyabiashara wetu wengi huamini kwamba akishalipia usajili wa jina la biashara mtu amekwisha kulimiliki jina lile kila mahali na kwa kila namna, na imani hiyo ina madhara makubwa kuliko hila za matapeli, maana ndiyo inayowafungulia matapeli njia. Cheti cha jina la biashara makusudio yake ya asili ni kuujulisha umma ni nani aliye nyuma ya jina linaloandikwa juu ya mlango wa duka, ili mwenye deni ajue wa kumlipa na mwenye kudai ajue wa kumdai. Alama ya biashara au huduma, inayosajiliwa Bara kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayompa mtu haki ya kuwazuia wengine wasilitumie jina au mchoro wake kwa bidhaa za namna ile, kwa miaka 7 ya mwanzo na kwa miaka 10 kila inapohuishwa. Jina la kikoa halimilikiwi moja kwa moja na mtu yeyote: hukodiwa kwa mwaka au kwa miaka kadhaa, na kanuni inayolitawala karibu ulimwenguni kote ni ya kwamba aliyetangulia kuomba ndiye apataye, hata kama aliyechelewa ana cheti, ana alama, na amelitumia jina lile tangu enzi za baba yake. Haki tatu, madaftari matatu, ada tatu. Na mwananchi aliyelipa moja hurudi nyumbani akidhani amelipa zote.

Katika nchi yetu mambo haya yana fundo jingine ambalo nchi nyingi hazina. Kwa kuwa usajili wa biashara na wa alama una sheria yake Bara na una sheria yake Zanzibar, alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haimlindi mwenyewe Unguja wala Pemba, na iliyosajiliwa Unguja haimlindi mwenyewe akivuka bahari kuja Tanga; ilhali mawasiliano ni katika mambo ya Muungano, na kikoa cha .tz ni kimoja tu kwa Jamhuri nzima. Tuseme yuko mtu wa Paje apandishaye wageni katika ngalawa kwa jina la Kusi, naye amesajiliwa BPRA, na yuko mwingine wa Pangani afanyaye kazi hiyo hiyo kwa jina hilo hilo la Kusi, naye amesajiliwa BRELA. Wote wawili ni waaminifu, hakuna aliyemwigiza mwenziwe, na pengine hawajapata kuonana. Ila yule atakayetangulia kuliomba jina hilo katika .co.tz atamfungia mwenziwe njia, na mgeni wa Ulaya atakayetaka ngalawa ya Paje atajikuta amelipa amana ya ngalawa ya Pangani. Hapo hakuna mwizi wa kumkamata, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wezi haitawasaidia watu hawa; wanalolihitaji ni msuluhishi.

Hata ndani ya upande mmoja wa Muungano neno moja huweza kuwa la wengi kwa haki. Alama za biashara hupangwa katika makundi 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, ili neno moja liweze kushikwa na watu mbalimbali wasiogongana katika soko. Sisi wa Tanga tukisikia Simba huenda tukafikiri saruji ya Pongwe, na mtu wa Kariakoo akisikia neno hilo hilo moyo wake huenda Msimbazi kwenye mpira, wala hakuna aliyewahi kununua mfuko wa saruji akitarajia tiketi ya mechi. Daftari la vikoa halina makundi hayo, kwa maana mtambo hausomi bidhaa, unasoma herufi. Na neno lililowatosha wengi kwa amani dukani huwa dogo kwa wote likifika mtandaoni.

Wenzetu walikutana na mizozo hii mapema, na ni vyema tutazame walivyoipita. Mwaka 1995 mtu mmoja wa Marekani, Dennis Toeppen, alilisajili jina la panavision.com, akaweka humo picha za mji mdogo wa Pana katika jimbo la Illinois, kana kwamba ndiyo maana yake, kisha kampuni ya Panavision, yenye kutengeneza kamera za filamu, ilipolitaka jina hilo akadai dola 13,000. Mahakama ilipochunguza ilikuta kwamba alikuwa amesajili majina ya makampuni mengine mengi kwa mtindo huo huo, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikamkatia shauri. Zile picha za Pana hazikumwokoa, kwa sababu mahakama ilitazama nia yake na mwenendo wake kuliko alichokibandika ukurasani.

Mwaka uliofuata wa 1999, ambao ndio mwaka ilipoundwa BRELA, taasisi ya ICANN inayosimamia majina ya intaneti ilipitisha utaratibu wa kusuluhisha mizozo ya vikoa vya .com na vinginevyo bila ya kwenda mahakamani. Shauri la kwanza lilihusu jina la kampuni ya mieleka ya Marekani, ambalo mtu mmoja alilisajili na baada ya siku 3 tu akataka kuiuzia kampuni hiyo kwa dola 1,000. Hukumu ikatoka Januari 2000, naye akanyang'anywa. Utaratibu huo humtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwapotosha watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Likikosekana moja, madai huanguka. Naupenda utaratibu huo kwa insafu yake ya kuuliza habari ya nia, maana mizozo ya majina isipopimwa kwa nia huishia kuwa mashindano ya mbio, na mbio hushinda mwenye miguu, hata akiwa mwongo.

Hata hivyo lazima niseme bila ya kuficha kwamba utaratibu ule, kwa jinsi ulivyo, si wa yule mama wa sabuni. Ada ya kupeleka lalamiko mbele ya mwamuzi mmoja katika kituo cha Shirika la Miliki Bunifu Duniani kule Geneva ni dola 1,500, nayo haihesabu ujira wa wakili; lugha ya shauri hufuata lugha ya mkataba wa usajili, ambayo kwa watu wetu ni Kiingereza karibu siku zote; mwenye kulalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na asipojibu hukumu hutolewa kwa karatasi za upande mmoja; na mshindi hupata jina lake tu, minghairi ya fidia ya mali aliyoipoteza. Anayeuza sabuni sokoni hawezi kwenda Geneva. Anaweza kufika ofisi ya mkoa, akaeleza daawa yake kwa Kiswahili, na akaonyesha risiti zake.

Kabla sijafika kwenye maombi yangu, nataka kuwatahadharisha juu ya hatari ya upande wa pili, kwa sababu nimeona katika mazungumzo ya watu kwamba kila asajiliye jina linalofanana na la kampuni kubwa huitwa mwizi kabla ya kusikilizwa. Huko Raleigh, North Carolina, palikuwa na muuza kompyuta aitwaye Uzi Nissan, na Nissan ni jina la ukoo wake alilozaliwa nalo. Mwaka 1994 alisajili nissan.com kwa biashara yake ya kompyuta, wakati ambapo kampuni ya magari ya Nissan ilikuwa haijataka jina hilo. Mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ile ikamshitaki ikidai dola milioni 10. Shauri lilikwenda na kurudi baina ya mahakama kwa miaka kadhaa, likamla mtu yule mali nyingi na umri wake mwingi, na mwisho wake kikoa kikabaki mikononi mwake, naye akakishika mpaka alipofariki mwaka 2020. Alishinda, lakini tafakarini, Waheshimiwa, ni muuza duka gani wa Ngamiani awezaye kuistahimili daawa ya miaka mingi dhidi ya kampuni ya magari kwa ajili ya kutumia jina la baba yake? Wengi wangelisalimisha jina siku walipopokea barua ya kwanza ya wakili, na hakuna ambaye angejua kwamba haki ilikuwa yao. Kanuni za ICANN zinampa mwamuzi ruhusa ya kutamka hadharani kwamba lalamiko limeletwa kwa nia mbaya ili kumpokonya mwenye haki kikoa chake, lakini baada ya kutamka hana adhabu ya kutoa. Sisi tukitunga kanuni zetu tusiige upungufu huo.

Na sisi wa pwani tumekwisha kuonja namna mali ya wengi inavyoweza kuingizwa katika daftari la mmoja. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy kuwa alama yake ya biashara katika nchi ile, jina la vazi ambalo kila mvuvi na kila maamuma wa mwambao wetu analivaa kiunoni. Wakenya wakasimama, pingamizi likapelekwa, na ombi likaachwa. Kampuni ya Disney nayo ilipata usajili wa maneno Hakuna Matata kwa ajili ya nguo nchini Marekani mwaka 2003, na ilipofika mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia saini kulalamika. Alama hiyo haimzuii mtu wa Mombasa kusema maneno hayo, jambo ambalo wengi hawakulielewa, lakini ghadhabu ya watu ilikuwa na msingi: hakuna aliyekuwa zamu katika daftari siku neno letu lilipoombwa. Majina kama Kariakoo, Mji Mkongwe, kikoi, kanga na mwani yanahitaji mtu wa zamu katika kila daftari, la alama na la vikoa.

Sasa ninayowaomba ni haya. Taasisi zenu tatu zikubaliane kuyaonanisha madaftari yao, hata mwananchi anapotafuta jina katika mfumo wa usajili wa biashara aonyeshwe papo hapo kama jina hilo limeshikwa Bara, limeshikwa Visiwani, limesajiliwa kuwa alama, au limechukuliwa katika .tz, na akishapata cheti, aambiwe kwa Kiswahili cha wazi, juu ya cheti chenyewe, kwamba karatasi hii haimpi alama ya biashara wala kikoa. Habari hizo zote mnazo tayari. Kinachokosekana ni mahali pamoja pa kuzisomea.

Mawakala wanaouza vikoa vya .tz washurutishwe kuandika jina la mwenye biashara mahali pa mmiliki, na jina la fundi mahali pa fundi, na taarifa ya kuhuisha ipelekwe kwa ujumbe wa simu ya mmiliki fauka ya barua pepe, kwa sababu wapo wafanyabiashara hodari ambao barua pepe hufunguliwa na watoto wao. Fundi aliyejiandika mmiliki wa jina lenye cheti cha mwingine atakiwe athibitishe ni kwa idhini ya nani, na akishindwa kuthibitisha, jina lirudi kwa mwenyewe bila ya shauri refu. Jambo hili moja, lau lingetangulia kuwapo, lingewaokoa nusu ya watu waliokwisha kukaa mbele ya meza yangu.

Kwa mizozo inayobaki naomba baraza la usuluhishi, lenye kusikiliza kwa Kiswahili, lenye ada ambayo mwenye genge anaweza kuilipa, lenye uwezo wa kusikiliza kwa simu wale walio Mafia, Kigoma au Wete, na lenye kuchapisha hukumu zake ili watu wajifunze. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na sioni hoja ya kuiacha milki ya majina nje ya neema hiyo. Baraza liulize nia kama wanavyouliza wenzetu, liwe na uwezo wa kumtoza gharama aliyesajili ili kumuuzia mwenye jina, na liwe na uwezo ule ule wa kumtoza mwenye nguvu aliyeleta lalamiko ili kumtisha mnyonge. Wakikutana wawili waaminifu, kama wale wangu wa Paje na Pangani, aliyetangulia abaki na kikoa kwa sharti la kuweka juu ya ukurasa wake wa kwanza tangazo la kuwaelekeza wageni kwa mwenziwe, na yule wa pili asaidiwe kupata jina lenye kutaja mahali pake.

Najua yako majibu ya kwamba kila taasisi ina sheria iliyoiunda, mipaka yake na bajeti yake, na kwamba kuyaunganisha madaftari ya pande mbili za Muungano ni jambo la kuchukuliwa kwa hadhari. Nalikubali. Lakini makubaliano ya kupeana habari hayahitaji kubadilisha mpaka wa taasisi yoyote. Yanahitaji wakuu watatu wakae kitako na watie saini. Matapeli wa majina hawangojei Bunge, na msimu wa wageni hauahirishwi.

Nawaombeni mkutane kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha, na mtakaloafikiana mlitangaze redioni na katika ofisi zenu za mikoa. Nanyi wenye maduka mnaosoma barua hii, msingoje mkutano huo: ulizeni leo kwa wakala aliyewauzia kikoa kimeandikwa kwa jina la nani, na kama si jina lenu, daini libadilishwe wakati ninyi na mafundi wenu mngali mnaelewana.


Karani mstaafu, Tanga.